Kutengeneza transpoti ya sidii nyumbani kwa sidiromu ya kompyuta kuukuu

Maswali ninayoulizwa ni yaleyale. "Yaya (mkubwa wangu), sidiromu ya kompyuta inaweza kweli kupiga muziki bila kompyuta?" "Nikiikuta sokoni nitajuaje kama ni nzima?" "Nimeunganisha kila kitu, mbona ampli iko kimya?" Nayajibu hapa kwa mpangilio, ili hata mtu ambaye hajawahi kulehemu zaidi ya waya wa redio aweze kufika mwisho.

Transpoti ni nusu ya deki ya sidii. Inazungusha sidii, inaisoma kwa leza, halafu inatoa namba tupu kupitia waya mmoja. Kuzigeuza namba hizo kuwa sauti ni kazi ya kifaa kingine kiitwacho DAC, ambacho huenda kiko tayari ndani ya ampli yako ya sinema ya nyumbani. Nadharia inatosha hapo.

Kuna watu wanaozunguka mwaka mzima wakitafuta mitambo ya Philips kama CDM-4 au CD-Pro2. Ni mitambo mizuri, lakini haitengenezwi tena, na ukiipata hapa Lubumbashi hujui leza yake imebakiwa na uhai gani. Mimi nasema chukua sidiromu ya kompyuta, kisha nguvu na pesa zako ziweke kwenye umeme unaoilisha na kwenye njia ya kutolea ishara. Hapo ndipo kazi za nyumbani nyingi zinapoharibikia.

Vitu vya kuandaa

- Sidiromu ya zamani ya kompyuta ya mezani, yenye kitufe cha kupiga (alama ya pembetatu) na tundu la hedifoni kwa mbele, na nyuma iwe na pini mbili zilizoandikwa "Digital Audio".
- Transfoma mbili za 220 V: moja ya 18 V, nyingine ya 9 V, kila moja iweze kutoa ampea 2 au zaidi.
- Madaraja mawili ya dayodi ya ampea 4 (hugeuza AC ya transfoma kuwa DC).
- Kapasita moja ya 4700 µF 50 V na moja ya 10000 µF 25 V.
- Regulata (vidhibiti vya volti) 7812, 7805 na 78L05. Kama lebo ya sidiromu yako inadai zaidi ya ampea 1, tafuta L78S12 na L78S05, ambazo hutoa ampea 2.
- Chipu ya kutolea ishara, 74HCT04, na soketi yake ya miguu 14.
- Rezista: 330 Ω, 100 Ω na 10 kΩ.
- Kapasita ndogo za 100 nF, kama kumi hivi.
- Soketi ya RCA (tundu la duara kama la waya za sauti na video), fyuzi ya 0.5 A ya aina inayochelewa kukatika pamoja na kishikio chake, swichi ya umeme, na waya wa umeme wenye nyaya tatu.
- Mabati ya kupozea regulata, kibao cha vitundu, skrubu za M3.
- Multimita, chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40, na taa ndogo ya pembeni ya gari, 12 V 5 W.

Vingi utavipata kwa mafundi wa redio wa Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, ndani ya deki na ampli zilizokufa. Transfoma ya ampli iliyoungua upande wa transista mara nyingi bado ni nzima. Kinachosumbua kidogo ni 74HCT04. Fundi akikupa 74HC04 akasema ni kitu kimoja, subiri kwanza: baadhi ya sidiromu hutoa ishara ya 3.3 V, na HC ikilishwa 5 V haina uhakika wa kuitambua ishara ndogo kama hiyo. HCT inaitambua.

Tahadhari mbili

Umeme wa 220 V unaua. Hakuna kugusa kitu ndani ya sanduku wakati plagi iko ukutani, na kila kiungo cha 220 V kifunikwe kwa mpira wa kuhami.

Leza ya sidii ina mawimbi ya nanomita 780, na jicho haliioni vizuri. Usiiwashe sidiromu ikiwa imefunuliwa ukaichungulia lenzi kuangalia "kama inawaka". Macho hayana spea.

Hatua ya 1: Ijaribu sidiromu kabla ya kulipa

Beba sidii ya muziki halisi, hedifoni, na umwombe muuzaji akupe pawa saplai ya kompyuta. Chomeka plagi ya pini nne tu. Ule utepe mpana wa data uache. Kama pawa saplai haiko ndani ya kompyuta, itawaka ukiunganisha waya wa kijani wa plagi kubwa na waya wowote mweusi. Weka sidii, bonyeza kitufe cha kupiga, sikiliza kwenye hedifoni. Kila ukibonyeza tena inapaswa kuruka kwenda wimbo unaofuata.

Nenda mpaka wimbo wa mwisho. Sidii husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo leza au reli iliyochoka inaweza kupiga wimbo wa kwanza vizuri kabisa, ikaanza kukwama huko mwishoni. Watu wengi husikiliza nusu dakika, wanalipa, wanaondoka. Wewe kaa.

Sidiromu za DVD za miaka ya baadaye nyingi hazina kitufe cha kupiga wala pini za dijitali. Usizinunue kwa kazi hii hata zikiwa mpya. Zenye kasi ndogo, 8x mpaka 24x, zina utulivu kuliko zile za 52x zinazovuma kama upepo zinapoanza kusoma sidii.

Na hili ndilo swali linalonifikia kuliko yote: sidii ya MP3 haitapiga. Kitufe cha mbele kinafahamu sidii ya muziki ya kawaida peke yake, ile ya sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16. Ile diski ya nyimbo 150 unayonunua barabarani ni sidii ya data, inabaki kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Safisha lenzi

Vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, linaingia kila mahali. Fungua skrubu nne za chini, inua bati, utaona lenzi ndogo kama tone la maji juu ya kigari kinachoteleza. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya 90° ya duka la dawa, kikamue, pitisha juu ya lenzi bila kukandamiza, halafu pitisha kijiti kikavu. Lenzi imening'inizwa kwa nyaya nyembamba sana, ukiisukuma kwa nguvu umeimaliza. Petroli, manukato na mate havigusi hapo.

Reli za kigari zifute grisi iliyoganda, weka tone moja la grisi nyeupe. Funga.

Hatua ya 3: Jenga umeme

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda. Sidiromu inataka 12 V kwa ajili ya mota na 5 V kwa ajili ya saketi. Ninazitenganisha tangu kwenye transfoma ili mota inapovuta ghafla isitikise upande wa saketi.

Kwa nini transfoma ya 18 V wakati tunataka 12 V? Kwa sababu ya umeme wetu. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko, 220 V inaweza kushuka mpaka 170 V. Transfoma ya 15 V ikilishwa 170 V inatoa karibu 11.6 V, baada ya daraja na kapasita unabaki na kama 15 V, na mota ikivuta inashuka tena. Regulata 7812 inahitaji angalau 14.5 V mlangoni. Itashindwa, na sidii itaanza kuruka kila saa moja ya jioni huku wewe ukilaumu leza. Kwa transfoma ya 18 V unabaki salama. Gharama yake ni joto zaidi, ndiyo maana nimeweka bati la kupozea kwenye orodha.

Upande wa 12 V: transfoma ya 18 V, daraja la dayodi, kapasita ya 4700 µF, kisha 7812. Upande wa 5 V: transfoma ya 9 V, daraja, kapasita ya 10000 µF, kisha 7805. Karibu kabisa na miguu ya kila regulata lehemu kapasita ya 100 nF, moja upande wa kuingilia na moja upande wa kutokea, zote kwenda hasi. Hasi za pande zote mbili zikutane mahali pamoja tu, kwenye mguu wa hasi wa kapasita ya 10000 µF.

Kutoka kwenye kapasita hiyohiyo ya 10000 µF chota umeme wa 78L05. Hii ni regulata ndogo ya kulisha chipu ya kutolea ishara peke yake.

Hapa wengi huunguza vitu. 7805 na 7812, ukizitazama maandishi yakikuelekea na miguu chini, kutoka kushoto ni kuingia, hasi, kutoka. 78L05 ni kinyume: uso bapa ukikuelekea, kutoka kushoto ni kutoka, hasi, kuingia. Ukiilehemu kwa mazoea ya ile kubwa, chipu yako inapata volti 11 na inakufa papo hapo.

Upande wa 220 V: waya wenye umeme upite kwenye fyuzi kwanza, halafu swichi, halafu transfoma zote mbili. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ufungwe kwa skrubu kwenye bati la sanduku.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuunganisha

Washa bila sidiromu. Pima matokeo yote matatu. Ya 5 V yawe kati ya 4.75 na 5.25, ya 12 V yawe kati ya 11.4 na 12.6. Halafu unganisha ile taa ya gari kwenye 12 V uiache dakika kumi. Inavuta kama ampea 0.4. Volti zisishuke, na bati la kupozea liwe la moto lakini kidole kivumilie. Rudia kwenye 5 V.

Volti zikiwa sawa, lehemu plagi ya pini nne uliyoikata kwenye pawa saplai iliyokufa: njano ni 12 V, nyekundu ni 5 V, nyeusi mbili ni hasi. Pima tena kwenye plagi yenyewe. Ukibadilisha njano na nyekundu, 12 V inaingia kwenye saketi ya 5 V, na hakuna fundi wa kuirudisha sidiromu hiyo.

Hatua ya 5: Tambua pini za dijitali

Nyuma ya sidiromu kuna vikundi viwili vya pini za sauti. Kile cha pini nne (R, G, G, L) ni cha sauti ya kawaida, hatukihitaji. Kile cha pini mbili ndicho chetu: G ni hasi, D ni ishara. Kama maandishi yamefutika, weka multimita kwenye kipimo cha mlio, umeme ukiwa umezimwa: pini inayolia pamoja na waya mweusi wa umeme ni G.

Sasa weka sidii, bonyeza kupiga, weka multimita kwenye volti za DC kati ya D na G. Ikionyesha karibu 2.5 V (au 1.6 V kwa sidiromu za 3.3 V), ishara ipo: inaruka juu na chini kwa haraka mno, na multimita inakuonyesha wastani wake.

Hatua ya 6: Jenga kibao cha kutolea ishara

Ishara ya pini D ina nguvu ya volti 5 au 3.3, lakini mlango wa S/PDIF wa DAC (ule wa kupokea sauti ya dijitali) unataka nusu volti kupitia waya wa ohm 75. Usiunganishe moja kwa moja. Wapo wanaofanya hivyo na ikapiga. Wapo pia wanaopata milio ya ajabu, na hawajui imetoka wapi.

1. Lisha 74HCT04: mguu wa 14 kwenye 5 V ya 78L05, mguu wa 7 kwenye hasi. Weka 100 nF kati ya miguu hiyo miwili, karibu kabisa na chipu.
2. Pini D iende mguu wa 1. Kutoka mguu wa 1 lehemu rezista ya 10 kΩ kwenda hasi, ili mlango usielee hewani.
3. Mguu wa 2 uunganishwe na miguu ya 3, 5, 9, 11 na 13.
4. Miguu ya 4, 6, 8, 10 na 12 iunganishwe pamoja. Milango mitano ikisukuma kwa pamoja inatoa mkondo wa kutosha.
5. Kutoka hapo weka kapasita ya 100 nF, kisha rezista ya 330 Ω, kisha pini ya kati ya soketi ya RCA.
6. Kati ya pini hiyo ya kati na hasi ya soketi lehemu rezista ya 100 Ω.

Rezista hizo mbili zinashusha volti mpaka kama 0.58 kwenye DAC, na zinaifanya soketi ionekane kama ohm 77 hivi. Iko karibu na 75 kiasi cha kutosha. Wengine wananiuliza kama chipu kugeuza ishara juu chini inaharibu kitu. Hapana. Hapa inageuzwa mara mbili ikarudi ilivyokuwa, na hata ingebaki imegeuzwa, ishara ya S/PDIF husomwa kwa mabadiliko yake, si kwa upande wake.

Waya kutoka sidiromu mpaka kibao usizidi sentimita 10. Kibao kikae mgongoni kabisa, karibu na soketi.

Hatua ya 7: Sanduku

Gamba la deki ya video iliyokufa linafaa sana. Sidiromu ina upana wa milimita 146 na kimo cha karibu 42. Kata mbele kwa kipimo hicho. Transfoma ziende upande wa mbali na sidiromu. Ifunge sidiromu kwa skrubu za M3 ukiweka kati ya chuma na chuma vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Toboa matundu juu ya regulata ili joto lipande.

Hatua ya 8: Waya wa kwenda kwenye DAC

Mita moja au moja na nusu ya waya wa antena wa ohm 75 inatosha. Lakini kabla ya kununua, chuna ncha uukwaruze wavu wake kwa kisu. Waya nyingi za parabole (madishi ya setilaiti) zinazouzwa sasa zina wavu wa aluminiamu; lehemu inateleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi, haishiki. Tafuta wenye wavu wa shaba, rangi yake ya kahawia inaonekana ukikwaruza. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, inaniuma kuona watu wakilehemu aluminiamu. Ukikosa, chukua waya wa video wenye plagi za njano. Nao umetengenezwa kwa ohm 75. Ule mwekundu na mweupe wa sauti uache.

Chomeka kwenye mlango wa DAC au ampli ulioandikwa "Coaxial" na "IN". Mlango wa namna hiyo nyuma ya dekoda ya televisheni au deki ya DVD ni wa kutoa, haupokei kitu.

Ikigoma

*Haina dalili ya uhai.* Fyuzi, halafu pima 5 V na 12 V kwenye plagi ya pini nne. Volti zikiwepo, angalia kile kipande kidogo cha plastiki cha nyuma kinachovalishwa kwenye pini zilizoandikwa MA, SL na CS, kiweke kwenye MA.

*Inazungusha, inasimama, taa inazima.* Lenzi chafu, au diski ya kuandikwa upya: CD-RW inarudisha mwanga kidogo sana kuliko sidii ya kiwandani, na sidiromu za zamani haziioni. Jaribu sidii ya kiwandani kabla ya kufungua chochote.

*Hedifoni inasikika lakini DAC iko kimya.* Pima pini D kama hatua ya 5. Ikionyesha volti, pima mguu wa 2 wa chipu, kisha wa 4. Kila mahali uone karibu 2.5 V. Mahali utakapokuta 0 au 5 kamili ndipo penye kosa. Kote kukiwa sawa, chunguza kama ampli umeiweka kwenye mlango sahihi.

*Sauti inakatika kila baada ya muda.* Kwanza waya na plagi zake. Halafu lisha sidiromu kwa pawa saplai ya kompyuta kwa jaribio tu. Ikitulia, umeme uliojenga unashuka. Pima 12 V wakati sidii inaanza kuzunguka.

*Mvumo kwenye spika hata sidii ikiwa imesimama.* Ardhi ya transpoti na ya ampli zinazungushana. Chomeka vyote kwenye kamba moja ya umeme. Usikate waya wa ardhi kuondoa mvumo, hata kama umeona mtu akifanya hivyo. Mvumo ukibaki, tenganisha ishara kwa transfoma ndogo ya mapigo ya 1:1 kati ya zile rezista na soketi ya RCA, na hasi ya soketi isiguse tena bati la sanduku. Kadi za zamani za mtandao wa kompyuta zina transfoma za namna hiyo ndani ya kile kisanduku cheusi kilicho karibu na tundu la waya. Tafuta kwa multimita jozi ya miguu inayolia pamoja, na jozi nyingine isiyolia na ile ya kwanza.